Ukuta wako unakunywa maji?

Kabla ya kununua penti, toka nje, zunguka nyumba yako polepole na utazame chini. Si kwenye madirisha, hapana: chini kabisa, pale ukuta unapokutana na ardhi. Kama umeliwa, umeingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa, ngoja kwanza na penti yako.

Mimi sikungoja. Mpala ni mji wa zamani. Mbeleji Émile Storms alifungua kituo chake hapa mwaka 1883, na mwaka 1885 Mapadri Weupe wakakipokea. Lakini nyumba zetu wengi ni za matofali mabichi, na yetu ilikuwa na rangi ya mavumbi. Niliona haya mbele ya wageni. Basi nikapanda mtumbwi wa motere mpaka Kalemie, nikanunua ndoo mbili za penti ya mafuta, ya buluu. Mzee mmoja jirani, masoni wa zamani, akapita akaniambia: «Pasta, hiyo penti itakamata nini? Ukuta ya udongo inapumua, weye unaifunga mudomo.» Nikacheka. Bibi yangu hakucheka.

Mwezi wa kumi na mbili penti ilianza kuvimba kama malengelenge. Ikabanduka vipande vipande, kila kipande na udongo mgongoni. Mwezi wa tatu, usiku wa mvua, ukuta wa nyuma ukalala chini, upande ule watoto wetu wawili walipokuwa wanalala. Usiku ule walikuwa kwetu, kwa sababu matone yaliwasumbua. Mpaka leo sipendi kulieleza sana jambo hilo.

Sasa nimejifunza, tena kwa yule yule mzee. Maji ya mvua yanaanguka kutoka paa, yanapiga ardhi, yanaruka na kulamba mguu wa ukuta. Kila mvua inaondoa kidogo. Kwa hiyo kazi ya kwanza iko juu: urefushe ukingo wa paa upite ukuta kwa sentimeta 60 hivi. Mwenye nyasi aongeze nyasi; mwenye mabati atafute kipande kizee. Halafu chimba mfereji mdogo pale matone yanapoangukia, uiname kwenda mbali na nyumba (si kwenda kwa jirani, tafadhali).

Kisha uvalishe nyumba viatu. Mawe ya mto Lufuko hayauzwi, yanadai mgongo tu. Tuliyapanga kuzunguka ukuta mpaka karibu na goti, na udongo mgumu katikati yao, juu yakiinama kwenda nje ili maji yasikae.

Ukuta wenyewe unapakwa udongo. Ule wa kichuguu unashika vizuri, lakini peke yake unapasuka. Uchanganye na mchanga. Kiasi gani? Hapa usiamini mtu, hata mimi. Paka viraka vitatu nyuma ya nyumba: kimoja mchanga sawa na udongo, cha pili mchanga mara mbili, cha tatu mara tatu. Ngoja vikauke kabisa. Kenye nyufa kina udongo mwingi. Kenye kutoka kama unga ukikisugua kina mchanga mwingi. Katakata nyasi kavu ndani ya mchanganyiko, uache siku nne mpaka unuke, ndipo ulowanishe ukuta na kupaka. Fanya hivyo mwezi wa sita mpaka wa nane, mvua ikiwa mbali.

Najua wasomaji wa Manono na Kolwezi mtasema: «Paka simenti, Pasta!» Simenti ni ngumu, udongo ni laini, haviendi pamoja. Simenti inapasuka, maji yanaingia nyuma yake na hayapati njia ya kutoka. Kwa nje unaona ukuta mzuri, ndani ni matope.

Kwa rangi, chokaa iliyozimwa vizuri, nyepesi kama maziwa, mara tatu juu ya ukuta wenye unyevu kidogo. Funika macho yako, chokaa inaunguza. Wengine wanatia chumvi ishike. Sisi tulitia, mbuzi wa lupango lote wakaja kulamba ukuta. Asiye na chokaa achukue udongo mweupe na uji mwepesi wa unga wa muhogo. Unapendeza, ila kila mwaka utapaka tena, na mahali pa mvua kali hautadumu.

Lakini kuna nyumba ambazo hazidai rangi. Tetemeko la 5 Desemba 2005 liliangusha nyumba huko Kalemie, na sisi wa kando ya ziwa tunajua litarudi. Kama ufa unatoka pembe ya dirisha na kidole kinaingia, usiuzibe ukafurahi, ita masoni. Na kama ziwa lilifika mlangoni kwako mwaka 2021 au 2024, weka feza yako kwa kiwanja kingine.

Sisi tulijenga ukuta wa nyuma upya. Nyumba sasa ni nyeupe, viatu vyake vya mawe. Ndoo ya pili ya penti ilibaki nusu. Nikapaka mlango, ambao ni wa mbao, na hapo imekamata.