Neno Dogo Katika Taarifa ya Doria

Tumchukue askari wa doria katika gombolola ya Kwapa, wilayani Tororo, ambako mpaka wa Kenya hauko mbali. Usiku amemwona mtu akivuka na baiskeli yenye mzigo. Asubuhi aandika taarifa yake kwa Kiingereza: “The man crossed with the bicycle.” Afisa aisomapo huuliza: mtu yupi? Baiskeli ipi? Neno “the” limemwambia kwamba mtu huyo amekwisha kujulikana. Basi hufungua taarifa ya juzi, akakuta mtu mwingine ametajwa humo, na huenda huyo ndiye atakayekamatwa.

Kosa hili halitokani na ujinga. Kiswahili hutosheka na “mtu” tu. Luganda ina “omuntu,” na katika kukanusha ile “o” huanguka, lakini kanuni hiyo siyo ya Kiingereza, anayeifuata atapotea.

Hata hivyo, ufunguo tunao tangu utotoni. Bibi alipotusimulia hadithi alisema, “Mtu mmoja alikuwa na mbuzi,” kisha, “Yule mtu akamuuza yule mbuzi.” Hapo “mmoja” amefanya kazi ya “a,” na “yule” kazi ya “the.” Nao Waingereza wenyewe walilipata neno “an” katika shina moja na “one,” na “the” ni jamaa ya “that.” Askari wetu angeandika “a man” na “a bicycle” kwanza, wakitajwa tena, ndipo “the.” Lakini “the border” yafaa tangu mwanzo, kwani msomaji hana shaka ni mpaka upi.

Kuhusu “a” na “an,” sikio ndilo hakimu, wala si herufi: “a uniform,” lakini “an hour” na “an NCO.” Hilo ni jambo jepesi, na akikosea hakuna atakayedhurika.

Hatari kubwa imo katika “few.” “Few men crossed” maana yake ni kwamba karibu hakuna aliyevuka, “a few men crossed,” wapo waliovuka. Kiswahili husema “wachache” pande zote mbili. Kamanda akisoma ya kwanza aweza kuwarudisha askari kambini. Akisoma ya pili, huwapeleka mtoni.

Katika simu ya upepo maneno haya huachwa ili kuokoa nafasi, nasi hatuna ugomvi na desturi hiyo. Lakini ujumbe ukiandikwa upya kwa ajili ya mahakama, hayana budi kurudishwa, na mwenye kuyarudisha awe yule aliyeona kwa macho yake, si karani.