Kabla ya kununua kasi ya intaneti, pima DNS

Mfanyabiashara wa mahindi au mpunga mjini Mpanda anahitaji intaneti kulipa kodi na kufuatilia bei za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ofisi yenye kompyuta kadhaa huweza kuzipitisha zote kwenye seva moja ya proksi, inayohifadhi nakala za kurasa ili kupunguza gharama. Kurasa zinapochelewa, wengi hukimbilia kununua kasi kubwa zaidi. Wakati mwingine fedha hizo hupotea bure.

Tovuti hutajwa kwa jina, lakini mtandao hutumia namba. Kazi ya kutafuta namba ya kila jina ni ya mfumo wa DNS, uliobuniwa mwaka 1983. Penye proksi, inayouliza namba ni proksi yenyewe. Hivyo kubadili mipangilio ya DNS kwenye kompyuta ya karani hakusaidii.

Dalili ni hii: ukurasa hukaa kimya sekunde 5 au 10, kisha hufunguka haraka. Ukiufungua tena baada ya dakika chache hauchelewi, kwa kuwa proksi bado inaikumbuka namba. Kasi ikiwa ndogo, kinachochelewa zaidi ni mafaili makubwa, na huchelewa kila mara.

Umbali usisingiziwe. Mawimbi ya mwanga katika mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda kilomita 1,000 na kurudi ni milisekunde 10 tu. Hata kupitia setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani ni kama nusu sekunde. Sekunde 5 ni muda ambao proksi ya Squid, kwa kawaida, husubiri seva isiyojibu kabla ya kuuliza tena.

Fundi apimie kwenye mashine ya proksi. Kama ni ya Linux, aangalie seva za majina zilizoorodheshwa katika faili la resolv.conf, kisha aziulize moja moja kwa programu ya dig, inayoonyesha muda kwa milisekunde. Atumie majina ambayo hayajaulizwa karibuni, maana jibu lililohifadhiwa hudanganya. Seva isiyojibu, pengine ya kampuni ambayo ofisi ilikwisha kuihama, iondolewe na proksi iwashwe upya.

Iwapo seva zote zinajibu upesi na kurasa bado ni nzito, hapo ndipo mazungumzo ya kununua kasi yaanze.