Midnight Club (mfululizo wa michezo ya video)

Midnight Club ni mfululizo wa michezo ya video kuhusu mashindano haramu ya magari katika mitaa ya miji mikubwa. Ulianzishwa na Angel Studios, kampuni ya Carlsbad, California, Marekani, na kutolewa na Rockstar Games. Matoleo makuu ni manne, yaliyotoka kati ya mwaka 2000 na 2008.

Mchezo huu hauigi udereva halisi. Gari linaweza kugonga ukuta kwa kasi, kisha likaendelea na safari. Kinachotafutwa ni msisimko, kama ilivyokuwa katika mashine za zamani za kutumbukiza sarafu.

Jambo lililoutofautisha na michezo mingine ya wakati wake ni njia. Katika michezo mingi ya mbio, magari huzunguka kwenye uwanja uliofungwa, na mchezaji hukariri kona zake. Hapa mji wote uko wazi. Mchezaji huoneshwa vituo anavyopaswa kuvipitia, lakini jinsi ya kuvifikia huamua mwenyewe: barabara kuu, uchochoro au kukatisha bustanini. Hivyo anayeujua mji anaweza kumshinda mwenye gari la kasi zaidi, kama dereva wa teksi mzoefu anavyomwacha mgeni kwenye foleni. Wazo hilo Angel Studios walikuwa wamelijaribu katika Midtown Madness (1999), mchezo wa kompyuta waliomtengenezea Microsoft, uliotumia mitaa ya Chicago.

Toleo la kwanza, Midnight Club: Street Racing, lilitoka mwaka 2000 pamoja na mashine ya PlayStation 2 ilipoanza kuuzwa Marekani. Miji yake ilikuwa New York na London. Mwaka 2002 Angel Studios ilinunuliwa na Take-Two, kampuni mama ya Rockstar Games, ikaitwa Rockstar San Diego. Midnight Club II (2003) lilihamia Los Angeles, Paris na Tokyo na kuleta pikipiki. Ndilo toleo pekee lililotolewa pia kwa kompyuta za Windows.

Hadi hapo magari yote yalikuwa ya kubuni. Midnight Club 3: DUB Edition (2005), lililoshirikiana na jarida la magari la DUB, liliingiza magari halisi kwa ruhusa ya watengenezaji, na mchezaji akaweza kubadilisha rangi, magurudumu na injini. Miji ilikuwa San Diego, Atlanta na Detroit. Ajabu ni kwamba toleo hilo lenye magari ya kweli ndilo lililoongeza pia nguvu zisizo za kweli kabisa: kupunguza kasi ya muda, au kusukuma kando magari mengine kwa mngurumo wa injini.

Midnight Club: Los Angeles (2008) liliacha miji mingi na kubaki na mmoja, uliojengwa kwa undani zaidi. Usiku na mchana vilipokezana, kwa hiyo mashindano yenye jina la usiku wa manane yaliweza kufanyika jua likiwaka. Polisi nao waliwafukuza madereva na kuwatoza faini.

Mwaka 2009 liliongezewa eneo la South Central. Tangu hapo hakuna toleo kuu jipya lililotoka. Mchezo mkubwa uliofuata wa Rockstar San Diego ulikuwa Red Dead Redemption (2010), ambamo chombo cha usafiri ni farasi.