KINANDA CHA BEGANI: WAPIGAJI WA GITEGA NA MUYINGA WANATAKA NINI?



Wako watu wengi wanaodhani kwamba mpiga kinanda si mfanyakazi. Wanamwona Jumamosi arusini, Jumapili kanisani, amevaa vizuri, basi wanasema huyu anajifurahisha. Sisi tunaoshughulika na mambo ya chama tunajua kwamba mtu anayeanza kufunga waya saa nne asubuhi na kutoka ukumbini saa sita usiku, akalipwa siku hiyo tu bila karatasi yo yote, ni kibarua kama vibarua wengine. Kinanda ndicho jembe lake. Kwa hiyo tulipokutana na wapigaji wa Gitega, na baadaye tukapanda gari kwa njia ya Karuzi kwenda kuonana na wenzao wa Muyinga, hatukuwauliza habari za malipo peke yake. Tuliwauliza pia habari za jembe.

Jambo lililozusha maneno mengi kuliko yote ni kile kinanda cha kuvaa kwa mkanda, ambacho mafundi wanakiita kitari kwa sababu ni kinanda kilichotiwa shingo ya gitaa. Mkono wa kulia unapiga, wa kushoto unashika shingo penye vifungo vya kupinda na kurefusha sauti. Mpigaji anasimama mbele pamoja na mwimbaji badala ya kufichwa nyuma ya meza.

Wengine wanadhani ni mchezo wa vijana wa siku hizi. Sivyo. Huko Vienna, mwaka 1795, Carl Leopold Röllig alitengeneza piano ndogo iliyoitwa orphica, ambayo mtu aliweza kuitundika begani. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Edgar Winter alifunga mkanda kwenye kinanda chake cha umeme ili apate kutembea jukwaani. Mwaka 1980 kampuni ya Moog ikatoa Liberation, na baada yake Wajapani, Yamaha, Korg na Roland, wakaingia sokoni. Tena sisi Warundi hatuna haja ya kufundishwa kwamba chombo kinaweza kutembea na mwenyewe. Ikembe hupigwa njiani. Watimbo wa Gishora, karibu na Gitega, huingia uwanjani na ngoma vichwani huku wakizipiga, na sanaa hiyo imeandikwa na UNESCO tangu 2014. Ni inanga tu inayotaka mtu akae chini.

Sasa tuseme madai yenyewe.

La kwanza ni uzito. Ile Liberation ilipita kilo 6. Roland AX-Edge, iliyotoka 2018, ina kilo 4 na kitu. Mtu akisikia kilo 4 anacheka, kwani mama zetu wanabeba zaidi ya hizo kwenda sokoni. Lakini mzigo wa sokoni unafika na kutuliwa. Huu unaning'inia bega moja saa tano mfululizo, na mkono unaopiga umekunjwa kifundo. Mpigaji mmoja wa Gitega alituonyesha jinsi anavyoamka Jumapili asubuhi: shingo haigeuki, na kwaya inamngojea. Anachotaka si wepesi tu. Anataka uzito usiegemee upande wa shingo, na vishikio vya mkanda viwe vitatu au vinne, ili kila mtu achague chombo kikae juu au chini, kimelala au kimesimama. Mama mmoja wa kwaya aliongeza neno ambalo wanaume hawakulifikiria: hivi vyombo vimepimwa kwa mkono mrefu wa mwanamume, na mkanda unapita mahali pabaya kifuani. Wanaume walinyamaza kidogo, kisha wakakubali liandikwe.

Viko vyepesi. Yamaha SHS-500, ya mwaka 2019, ina kilo moja na nusu, na spika ndogo imo ndani. Kwaya inaipenda hiyo spika, kwa kuwa mazoezi yanaweza kufanyika chini ya mwembe bila waya wo wote. Lakini vibao vyake ni 37 tu, tena vidogo. Kidole cha mtu anayelima asubuhi na kupiga muziki jioni kinakanyaga vibao viwili kwa mara moja. AX-Edge ina vibao 49 vya ukubwa wa kawaida, nayo ndiyo nzito, na haina spika. Wapigaji wanasema: tupeni 49 za kawaida katika kilo 3. Mafundi watajibu kwamba ni vigumu. Na wajibu, sisi tunaandika linalotakiwa.

Umeme ni habari ndefu. Wenzetu wa Muyinga wako kwenye njia ya waya zinazotoka Rusumo kuja Gitega, na mtambo wa Rusumo una megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Hata hivyo kukatika hakujakwisha, na jenereta inataka mafuta, ambayo nchini kwetu yamekuwa haba kwa miaka kadhaa sasa. Kwa hiyo kinanda cha betri si anasa. Shida ni kwamba vingi vinakula betri ndogo 6 au 8 kwa pamoja, na vile vikubwa vinataka zile za kuchaji ambazo duka la kawaida halina. Ukitia za bei nafuu, muziki unakufa katikati ya arusi, na mwenye arusi hakati fedha za betri, anakata za mpigaji. Wanachotaka ni betri moja kubwa ya kuchaji, inayokaa usiku mzima, inayochajiwa kwa waya ule ule wa simu, na inayoweza kutolewa na kununuliwa nyingine ikichoka.

Hapa tutoe onyo. Vingi katika vitari hivi havina sauti yake vyenyewe. Yamaha KX5 na Korg RK-100 za 1984, Casio AZ-1 ya 1986, hata Roland AX-7 ya 2001, zote ni za kuamrisha tu: zinatuma habari kwa waya wa midi kwenda kwenye chombo kingine, na hicho ndicho kinacholia. Kijana mmoja wa Muyinga alinunua kitari kilichotumika, kikaletwa kupitia mpaka wa Kobero. Alikuwa ameuza mbuzi watatu na kukopa kwa shemeji. Alipokiunga kwenye spika hakikusema neno. Muuzaji hakupatikana tena. Kitari hakikuwa kibovu hata kidogo, kilikuwa kizima kabisa, ila kilizaliwa bubu. Wapigaji wote wanataka sauti iwe ndani, na kama haimo, basi iandikwe juu ya chombo kwa maneno ambayo mnunuzi anaweza kuyasoma.

Kijana huyo huyo anatumia mkono wa kushoto. Shingo zote zimewekwa upande mmoja. Gitaa unaweza kuligeuza na kubadilisha nyuzi, kinanda hakigeuki. Hatukupata mtu mwenye jibu.

Palipotokea ubishi mkali ni juu ya besi. Mpigaji wa ukumbini siku hizi ni mtu mmoja anayefanya kazi ya wanne: mkono wa kushoto besi, wa kulia sauti ya juu, na mashine inapiga ngoma. Akivaa kitari, mkono wa kushoto umekwenda shingoni, na besi imepotea. Wazee wa Gitega walisema basi chombo hiki hakifai, labda kitiwe midundo ndani, kama ile SHS-10 ya 1987 iliyokuwa nayo. Vijana walisema la, na kwa maoni yetu vijana wana haki: mpigaji akikosa besi, mwenye ukumbi atalazimika kumwita mpiga besi, na huyo naye ana watoto. Mashine ya midundo imewaondoa wapiga ngoma wengi kazini, na hatukusikia kwamba malipo ya aliyebaki yaliongezwa mara nne. Lakini mzee mmoja alituuliza, je, ukumbi ukikataa kulipa wawili, nani atakula siku hiyo? Swali hilo lilikaa mezani mpaka jioni.

Juu ya matengenezo walisema kwa sauti moja. Kinachokufa kwanza ni tundu la waya, kisha zile raba zilizo chini ya vibao, kwa sababu ya vumbi. Fundi redio anaweza kulehemu tundu. Raba hana. Wanataka chombo kinachofunguka kwa bisibisi ya kawaida, matundu yaliyofungwa kwa skrubu na si kulehemiwa kwenye bamba la ndani, na vipuri vinavyouzwa Bujumbura au hata Dar es Salaam. Mkanda tu ndio haukuwapa taabu: Muyinga yuko mshona viatu anayeshona mikanda mipana kwa utepe wa kiti cha gari, na tuliyoijaribu ilikuwa bora kuliko ya kiwandani.

Limebaki la mwenye chombo. Kinanda kikubwa cha ukumbini au cha kanisa ni mali ya mwenyeji, na mpigaji asiye na chake hupokea kinachobaki. Chombo kikiharibika, anakatwa. Wapigaji sita wa Gitega wameanza kuweka akiba kila mwezi ili wanunue kitari kimoja cha zamu, na wametuomba tuwaandikie mkataba mfupi: nani anakitunza, nani analipa kikianguka, na mwenye ukumbi aongeze kiasi gani kwa mpigaji anayekuja na chombo chake mwenyewe. Rasimu iko kwa katibu wa tawi. Wapigaji wa Muyinga wanaotaka kuisoma kabla haijatiwa sahihi wamwagize dereva wa gari la Karuzi, nakala watapelekewa.