Majina ya Kitaalamu ya Mimea ya Porini: Kinga ya Mlaji na ya Chama



Chama kinapopokea mboga au mizizi ya porini kwa ajili ya kuuza, aghalabu daftari la mapokezi huandikwa jina la kienyeji peke yake. Jina hilo latosha kati ya jirani na jirani. Halitoshi mzigo unaposafirishwa kwa mlaji wa wilaya nyingine.

Sababu ni mbili. Kwanza, mmea mmoja huwa na majina mengi: mgagani, kwa mfano, Waluo huuita dek na Wakisii huuita chinsaga. Pili, jina moja hubeba mimea mingi: mlenda wa huku huenda usiwe mlenda wa kule. Ndiyo maana, tangu Carl Linnaeus wa Uswidi alipotoa kitabu chake cha Species Plantarum mwaka 1753, wataalamu wa nchi zote hutumia jina la maneno mawili. Neno la kwanza ni la ukoo; la pili hutambulisha mmea wenyewe ndani ya ukoo huo.

Yapasa maneno yote mawili yaandikwe. Tuchukue ukoo wa Dioscorea. Kiazi kikuu ni Dioscorea alata. Ming'oko ya Mtwara na Lindi ni Dioscorea hirtiflora, nayo huchemshwa na kuliwa. Lakini katika ukoo huo huo mna Dioscorea dumetorum, ambayo mizizi yake ya porini ina sumu kali. Wakati wa njaa watu huiloweka kwa siku kadhaa kabla ya kuila. Asiyejua huweza kupoteza maisha. Jani la mmea huo limegawanyika sehemu tatu, hali jani la ming'oko ni moja zima. Hata hivyo mzizi ukishafika kwenye mizani hauna tena jani la kuutambulisha. Kwa hiyo utambuzi hufanywa porini, kabla ya kuchimba.

Makatibu wanashauriwa kufuata utaratibu huu:

1. Kata matawi mawili yenye majani na maua au matunda, uyabane kati ya magazeti mpaka yakauke.

2. Andika namba, tarehe, kijiji, jina la kienyeji na lugha yake.

3. Tawi moja libaki ofisini. La pili lipelekwe kwa wataalamu wa mimea, kama walioko Arusha kwenye hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

4. Jibu liingizwe daftarini kwa namba ile ile. Kabla ya hapo mzigo usipokelewe, wala mtu asionje ili kujaribu.

Mwisho, ikumbukwe kwamba jina sahihi si cheti cha usalama. Muhogo ni Manihot esculenta, na neno hilo la pili maana yake ni "wa kuliwa". Lakini mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, watu zaidi ya 1,000 walipooza miguu wakati wa ukame, kwa kula muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha. Basi kando ya jina, daftari lionyeshe pia sehemu ya mmea inayoliwa na namna ya kuitayarisha. Mlaji asiyetujua hana kinga nyingine ila uangalifu wetu.