Tembo wa 1944 Ana Thamani Gani Mnadani?

Hapa Butembo, mtu akirithi sarafu ya babu huipeleka kwanza kwa mnunuzi wa dhahabu. Naye hufanya kazi anayoijua: anaiweka mizanini, analipa madini. Faranga 50 ya Kongo ya Wabelgiji ya 1944, yenye tembo, ina gramu 17.5, na nusu yake tu ndiyo fedha. Kwa mizani hiyo ni gramu 8.75, basi. Mnadani hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Mthamini wa kampuni ya mnada, kama Jean Elsen ya Brussels, huanza na kumbukumbu: sarafu ya aina hii, ya mwaka huu, ililipiwa kiasi gani? Bei anayotaka muuzaji haimshughulishi. Kisha anaikagua kwa lenzi. Wamarekani hupima hali ya sarafu kwa alama 1 hadi 70. Ulaya hutumia zaidi maneno. Wingi nao huamua. Faranga 2 za pembe sita za 1943, zilizotengenezwa Philadelphia kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa imetekwa na Wajerumani, zilitolewa milioni 25, kwa hiyo iliyochakaa hailipi sana. Faranga 5 ya 1887 yenye kichwa cha Leopold II ni habari nyingine: ni adimu, ndiyo maana hughushiwa. Hapo mizani ya mnunuzi wa dhahabu inafaa kweli: iliyo halisi ina gramu 25, ikipungua kidogo kwa kulika.

Linaloniuma ni kusugua. Watu huchukua majivu, ndimu, hata dawa ya meno, ili sarafu ing'ae mbele ya mnunuzi. Weusi ule uliotanda kwa miaka ndio mthamini anaoutafuta. Sarafu iliyosuguliwa, hata ikiwa adimu, hushushwa bei, na hakuna fundi wa kuirudishia hali yake.

Makadirio si ahadi. Mara nyingi huwekwa chini makusudi ili wanunuzi wawili wapate hamu ya kushindana. Kabla ya kutia saini mkataba na kampuni, uliza bei ambayo chini yake sarafu haitauzwa, uliza kamisheni yako, uliza bima. Mnunuzi naye huongeza takriban moja ya tano juu ya bei ya nyundo, yaani ile ya mwisho iliyotajwa mnadani. Hiyo ni ya kampuni, haikufikii.

Kwa hiyo, ndugu wa Butembo na Beni, usisugue. Pima gramu, piga picha pande zote mbili mchana, uzitume kwa kampuni mbili au tatu, na usubiri majibu yao kabla sarafu haijatoka mkononi mwako.