Kijana wa Kompyuta na Barabara ya Lumuma

Mwezi huu tunawaletea habari za kijana mmoja wa Lumuma, ambaye hakupenda tumtaje jina. Kazi yake ni kuchora kwa kompyuta: kadi za harusi, mabango ya jubilei, fulana za kwaya. Hana mwajiri, akipata kazi anakesha nayo, akikosa anasubiri. Mama yake anasema tangu utotoni alinakili maua ya kanga kwenye daftari la hesabu, na redio ikiharibika alikuwa wa kwanza kuifungua.

Mkulima wa vitunguu hapa kwetu hutembea kutwa, kupanda na kushuka, kufungulia maji ya mfereji. Kijana huyu alikuwa akiamka, akikaa kitini, kisha akilala. Siku moja alimsindikiza mama yake zahanati kupima presha. Mganga akamwambia, "Na wewe kaa tukupime." Ya mama ilikuwa ya kawaida. Yake ilikuwa 150 kwa 95, naye hajafikisha miaka 35. Alirudi siku nyingine mbili, ikawa karibu ile ile.

Alishangaa, maana hakusikia ugonjwa wowote isipokuwa mgongo kuuma na macho kuwasha. Ndivyo presha ilivyo. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, na kupimwa hivyo zaidi ya siku moja, ni ya juu, hata kama mtu anajiona mzima. Kimya kimya huumiza moyo, figo na mishipa ya ubongo.

Mganga alimshauri apunguze chumvi na autumikishe mwili. Akachagua mbio ndefu, kwa kuwa alizipenda tangu zamani. Ukutani ana picha ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, lakini akamaliza, wa 57 na wa mwisho. Pia hachoki kusimulia habari za Alphonce Simbu huko Tokyo, Septemba 2025. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya kamera ya mstarini ikaonyesha Simbu ametangulia kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwa mchoraji, hiyo ndiyo picha ya kuitazama!

Siku ya kwanza alikimbia kilomita 5 za mlima kwa pupa. Goti likavimba, akapumzika wiki nzima. (Akhwari alikuwa amefanya mazoezi kabla ya kuumia, yeye hakuwa nayo.) Alipoanza tena alitembea dakika 3, akakimbia 1, na kuongeza kidogo kidogo. Majirani waliuliza nani anamkimbiza. Mama naye alisema, "Mwanangu, watu watadhani umerukwa na akili."

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, au 75 za kukimbia. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi aonane na mganga kwanza. Aliyeandikiwa vidonge vya presha asiviache kwa sababu ameanza mazoezi. Simu ya kijana huyu humpimia kilomita kwa msaada wa satelaiti, naye hufurahia sana namba zile, ila tulimkumbusha kwamba kilomita si presha.

Kuhusu macho, kila baada ya dakika 20 huacha kompyuta na kutazama mlimani kwa sekunde 20. Kiti chake amekipunguza miguu ili nyayo zikanyage chini.

Mara ya mwisho alipopimwa ilikuwa 132 kwa 84. Hurudi kila mwezi, na siku hizi mama ndiye anayemsindikiza.